Mkwawa, Mwakangale, mganda na mpira wa kusini: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yanarudi kila siku. Wanafunzi wanauliza, wageni wanaopita kwenda Ruaha wanauliza, na wengine ni wanyalukolo, watu wa Iringa, wenzangu kabisa ila wamekulia Dar. Nimeyakusanya sehemu moja. Kinachoniuma mimi ni kimoja, majina ya huku kwetu tunayataja kila siku, Lugalo, Lipuli, Mwakangale, Klerruu, alafu ukimuuliza mtu huyo alikuwa nani au hapo palitokea nini anakaa kimya. Si lazima uanzie juu, nenda kwenye swali lako.

Nyanda za Juu Kusini ni mikoa gani hasa?

Kwa mazungumzo ya kawaida ni Iringa, Njombe, Mbeya, Songwe, Rukwa na Ruvuma, wengine wanaongeza na Katavi. Njombe ilitoka Iringa mwaka 2012 na Songwe ikatoka Mbeya 2016, kwaiyo ukikuta kitabu cha zamani kinasema Makete iko Iringa au Mbozi iko Mbeya usidhani wamekosea.

Mkwawa alikuwa nani, na Mkwawa ni jina lake kweli?

Mkwavinyika, mtoto wa Munyigumba, ukoo wa Muyinga. Mkwawa ni kifupisho kilichozoeleka. Alizaliwa miaka ya 1850, wengi wanaandika 1855, huko Luhota. Baba yake Munyigumba ndiye aliyeunganisha watemi wadogo wadogo wa Uhehe wakawa kitu kimoja, akafariki 1879, na baada ya hapo kukawa na ugomvi mkubwa wa urithi mpaka Mkwavinyika akashika nchi. Hili la baba watu wanalisahau sana. Mkwawa hakuanza na mikono mitupu, alikuta tayari kuna jeshi lenye mpangilio na kuna uzoefu wa kupigana na Wasangu wa mtemi Merere na Wangoni. Alichofanya yeye ni kulikuza, akashika njia za misafara ya biashara zilizokuwa zinapita kwenda pwani, na hapo ndipo alipogongana na Wajerumani.

Na tuseme ukweli wote, majirani zake walimwogopa. Ukienda Utengule Usangu ukamsifu Mkwawa kama shujaa wa kila mtu utasikilizwa kwa adabu tu, maana Wahehe waliwatoa Wasangu kwenye nchi yao, na ndio maana Merere aliona afadhali aungane na Wajerumani apate kurudi kwao. Mi ni wa Iringa na Mkwawa nampenda, ila historia yake inanoga ukiisikiliza na kwa upande wa aliyepigwa.

Lugalo palitokea nini?

Tarehe 17 Agosti 1891, asubuhi. Kamanda wa jeshi la Wajerumani, Emil von Zelewski, ambaye watu wa pwani walimwita Nyundo kwa ukali wake, alikuwa anakuja Uhehe na kikosi cha askari mia tatu na kitu, maafisa wa Kijerumani, wapagazi, bunduki za mtombo na mizinga iliyofungwa kwenye punda. Njiani alikuwa anachoma vijiji. Hakutuma wapelelezi wa maana mbele kwasababu aliamini hakuna Mwafrika atakayethubutu.

Wahehe kama 3,000 hivi walikuwa wamelala kwenye majani na mawe pembeni ya njia, wakiongozwa na Mpangile, mdogo wake Mkwawa. Msafara ukaingia ukiwa umejipanga mstari mmoja mrefu. Inasemekana afisa mmoja alifyatua risasi kumpiga ndege, na Wahehe wakadhani ndio ishara wakainuka wote. Askari hawakupata hata muda wa kujaza bunduki vizuri, mizinga ikabaki juu ya punda. Mambo yaliisha ndani ya dakika chache. Zelewski alikufa hapo hapo, inasimuliwa kwamba aliyemchoma mkuki alikuwa kijana mdogo tu, na pamoja naye wakafa Wajerumani wengine tisa na sehemu kubwa ya askari wake. Wahehe wakaondoka na bunduki karibu 300 na mizinga.

Ila watu wa Mkwawa nao walikufa wengi, tena mashujaa wake wazuri, na Mkwawa alizuia watu wasiomboleze hadharani. Hapo naona hekima kubwa. Ukishinda vita ukiwa umepoteza watu kiasi hicho unajua kabisa kwamba huwezi kushinda vita za namna hiyo tatu mfululizo.

Mahali penyewe pako mashariki ya Iringa mjini, kuna mnara Wajerumani walijenga kuwakumbuka wafu wao. Kambi ya jeshi ya Lugalo kule Dar imepewa jina kutokana na hapa, sio kinyume chake, maana kuna watu wanadhani vita ilipiganwa Dar karibu na Mwenge.

Kama alishinda Lugalo mbona alipoteza Kalenga?

Kwasababu Wajerumani walirudi baada ya miaka mitatu wakiwa wamejifunza. Safari hii gavana mwenyewe, Friedrich von Schele, alikuja, na Tom von Prince akiwa mmoja wa maafisa wake. Mkwawa alikuwa amejenga ngome Kalenga, ngome ya Lipuli, ina ukuta mrefu wa mawe na udongo, na kwa vita vya mikuki ukuta ule ulikuwa hautobolewi. Kwa mizinga ikawa habari nyingine. Tarehe 30 Oktoba 1894 Kalenga ikaanguka, baada ya kupigwa mizinga na kisha mapigano ya ndani nyumba kwa nyumba.

Mkwawa akatoroka, na kuanzia hapo mpaka 1898 ndio sehemu ya maisha yake ambayo mi naiona kubwa kuliko hata Lugalo na haifundishwi vya kutosha. Karibu miaka minne alikuwa porini anashambulia doria na kupotea, na watu wa vijijini walikuwa wanampa chakula na taarifa japo adhabu ilikuwa kali. Wajerumani wakajaribu kumweka Mpangile, yule yule kamanda wa Lugalo, awe mtawala mwishoni mwa 1896, wakitumaini Wahehe watamfuata. Haukupita hata muda, Februari 1897 wakamnyonga wakimtuhumu kwamba anawasiliana na kaka yake kwa siri. Mwishowe wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa cha Mkwawa.

Ni kweli alijiua?

Ndio. Tarehe 19 Julai 1898 pale Mlambalasi, barabara ya kwenda Ruaha, kama kilomita 50 toka Iringa mjini. Alikuwa mgonjwa, amebaki karibu peke yake, na doria ya sajini Merkl ilikuwa imemkaribia. Akajipiga risasi kuliko kukamatwa. Wajerumani walipofika walikuta mwili, wakakata kichwa kikapelekwa kwa von Prince na baadae Ujerumani. Mwili ulizikwa Mlambalasi na kaburi lipo mpaka leo.

Wengine wanauliza kama kujiua sio woga. Jiulize wenzake walionaswa walifanywa nini, Mpangile alinyongwa huku amekubali kushirikiana nao. Mkwawa alijua kwamba wakimpata hai watamtembeza mbele ya watu wake kwanza. Mi siwezi kuita hiyo woga.

Fuvu lilirudije? Na ni lake kweli?

Hili ndio swali namba moja kwa wageni, kwaiyo ntalijibu kwa urefu.

Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Uingereza ikachukua Tanganyika, na msimamizi wake wa kwanza Sir Horace Byatt akapendekeza fuvu lirudishwe, kwasababu Wahehe walikuwa wameisaidia Uingereza kwenye vita na kwasababu kitendo hicho kingeonyesha kwamba Mjerumani ameondoka kabisa. Likaingia kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246. Soma hiyo tena, mkataba mkubwa wa dunia, unaogawa mipaka ya Ulaya na malipo ya vita, una kifungu kinachodai fuvu la mtemi wa Iringa lirudishwe ndani ya miezi sita. Kwenye kifungu hicho hicho kuna dai la Kurani ya Khalifa Uthman irudishwe kwa mfalme wa Hijaz.

Miezi sita ikawa miaka 35. Wajerumani walisema hawajui fuvu liko wapi, Waingereza nao wakaliacha. Miaka ya 1950 gavana Sir Edward Twining akalifufua mwenyewe, akaenda mpaka makumbusho ya Bremen ambako kulikuwa na mafuvu kama 2,000, kati ya hayo 84 yalitoka huku kwetu. Fikiria hiyo namba, 84, hao wote walikuwa watu wenye ndugu zao. Yakapimwa, wakachukua vipimo vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa wakalinganisha, yakabaki machache yanayofanana, na moja kati yake lilikuwa na tundu la risasi. Hilo ndilo lililoletwa na kukabidhiwa kwa chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, hapo Kalenga tarehe 19 Juni 1954 mbele ya umati mkubwa.

Kwaiyo ni lake? Njia iliyotumika ni hiyo, vipimo vya kichwa na tundu la risasi, sio vipimo vya damu vya sa hivi. Kuna wasomi wana mashaka na wana haki. Ila familia ililipokea, Uhehe ulilipokea, na liko Kalenga ndani ya kioo hadi leo. Kinachonisumbua mimi zaidi ni yale 83 mengine, maana hakuna chifu aliyewekewa kifungu kwenye mkataba kwa ajili yao.

Nikitaka kupaona nianzie wapi?

Kama una siku moja, anza na Boma pale Iringa mjini, jengo la enzi za Mjerumani ambalo sasa ni makumbusho ya mkoa, lilifunguliwa kwa kazi hiyo 2016, linakupa picha ya jumla. Alafu nenda Kalenga, ni kama kilomita 15 tu njia ya Ruaha, omba mhifadhi akutembeze asikuonyeshe kioo tu, akupeleke na kwenye mabaki ya ukuta. Ukiwa na gari unganisha na Mlambalasi siku hiyo hiyo kwasababu ni uelekeo mmoja. Isimila iko upande mwingine, njia ya Mbeya kama kilomita 20, hiyo haihusu Mkwawa kabisa, ni zana za mawe za watu wa kale sana zilizogunduliwa 1951, ila nguzo zake za udongo peke yake zinatosha kukutoa nyumbani.

Ukifika Kalenga msalimie mtu kwa "kamwene" utaona uso unavyobadilika.

Ukoo wa Mkwawa uliishia wapi?

Haukuishia. Adam Sapi, huyo aliyepokea fuvu, akawa Spika wa kwanza Mwafrika wa bunge letu, 1962 mpaka 1973, akarudi tena 1975 mpaka 1994. Babu alipigana na serikali ya kikoloni porini na mjukuu akakaa kiti cha Spika wa nchi huru, na kati yao ni kizazi kimoja tu.

Na hapo kuna jambo la kujivunia huku kusini, Anne Makinda wa Njombe ndiye mwanamke wa kwanza kuwa Spika, 2010 hadi 2015, na Tulia Ackson wa Mbeya akaingia 2022, alafu Oktoba 2023 akachaguliwa rais wa Umoja wa Mabunge Duniani. Maspika watatu wa Nyanda za Juu Kusini.

Vita ya Mkwawa na Maji Maji ni vita moja?

Hapana, na kwenye mitihani watu wanapoteza maksi hapa. Mkwawa ni 1891 hadi 1898, Maji Maji ni 1905 hadi 1907. Wakati wa Maji Maji Wahehe hawakuingia upande wa waasi, walikuwa wamechoka na vita yao. Walioingia huku kwetu ni Wabena, chifu Mbeyela na watu wake walishambulia misheni ya Yakobi karibu na Njombe Septemba 1905, na Wangoni wa Songea, ambako nduna (kiongozi wa vita) Songea Mbano na wenzake walinyongwa 1906, wengi wao tarehe 27 Februari. Mji una jina lake. Ndio maana kila Februari Songea wanafanya kumbukumbu ya mashujaa hapo kwenye makumbusho ya Maji Maji.

Ni kweli Mandela alifika Mbeya?

Kweli kabisa na ameiandika mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake, Long Walk to Freedom. Ilikuwa Januari 1962, ametoroka Afrika Kusini kwa siri kupitia Bechuanaland, ambayo sasa ni Botswana, akiwa na Joe Matthews, wakaruka na ndege ndogo mpaka Mbeya. Tanganyika ilikuwa imepata uhuru 9 Desemba 1961, yaani haujafika hata mwezi wa pili.

Wakafikia hoteli mjini. Mandela anasema alikuta watu weusi na weupe wamekaa barazani wanaongea kama kawaida, kitu ambacho hajawahi kukiona kwenye hoteli kwao. Mwenyeji wao alikuwa John Mwakangale, mbunge, mtu wa TANU wa huku. Mwakangale alikuwa ameshapita hotelini kuwaulizia na hawakuambiwa, mgeni mmoja Mwafrika wa hapo hotelini akamuuliza mama wa Kizungu wa mapokezi kama Mwakangale aliwaulizia, mama akaomba radhi kwamba alisahau kuwaambia, na yule mgeni akamwonya kwa upole ila kwa uthabiti kwamba hawa ni wageni wetu na tunataka wahudumiwe ipasavyo. Mandela anasema hapo ndipo alipojua kweli yuko kwenye nchi inayotawaliwa na Waafrika, na kwamba kwa mara ya kwanza maishani alijiona mtu huru. Kesho yake wakaenda Dar kuonana na Nyerere.

Yaani mtu ambaye dunia nzima inamjua kwa uhuru, aliuonja mara ya kwanza Mbeya, kwasababu Mwafrika mmoja aliongea na mhudumu wa hoteli vile mwenye nchi anavyotakiwa kuongea. Na sisi kila mwaka mwezi wa nane tunaenda Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, tunanunua mbegu na kuangalia ng'ombe, na ukiuliza pale kwenye geti Mwakangale ni nani wengi watakwambia labda ndio mwenye kiwanja. Mi ningeomba kibao tu, cha mistari mitano, kiwekwe hapo getini.

Kisa cha Klerruu ni nini?

Dk. Wilbert Klerruu alikuwa mkuu wa mkoa wa Iringa, mtu wa kusukuma ujamaa kwa nguvu hasa Isimani ambako kulikuwa na wakulima wakubwa wa mahindi. Siku ya Krismasi, 25 Desemba 1971, alimkuta mkulima Said Mwamwindi analima shamba lake huko Mkungugu, wakabishana, na Mwamwindi akampiga risasi akafa. Kisha akaubeba mwili kwenye gari la mkuu wa mkoa mwenyewe akaupeleka polisi akajisalimisha. Alihukumiwa kunyongwa na akanyongwa.

Chuo cha ualimu Klerruu kimepewa jina la marehemu. Mwamwindi hana chuo ila ukikaa na wazee wa Isimani ndio utajua jina lipi linatajwa zaidi. Familia zote mbili zilipoteza mtu, kwaiyo ukiuliza habari hizi huko uliza kwa heshima na usimwelekezee mzee simu usoni kabla hajakubali.

Ni kweli zamani vijana wa Kinyakyusa walikuwa na kijiji chao?

Ndio. Wavulana wakifika kama miaka kumi walitoka kulala nyumbani kwa baba wakaenda kujenga vibanda vyao pamoja, rika moja, pembeni ya kijiji. Walikuwa wanarudi kula kwa mama zao, tena wanaenda kundi zima leo kwa mama huyu kesho kwa mama yule, na mchana wanachunga ng'ombe za baba. Wakikua wanaoa na kuleta wake hapo hapo, kijiji cha watoto kinakuwa kijiji cha watu wazima. Ikifika wakati kunafanyika sherehe kubwa ya ubusoka, kizazi cha baba kinawakabidhi wana uongozi wa nchi.

Godfrey na Monica Wilson waliishi Unyakyusa kati ya 1934 na 1938 wakayaandika haya, kitabu cha Monica kikatoka 1951. Sababu moja waliyoambiwa ni mwiko kati ya mkwe wa kike na baba mkwe, hawatakiwi hata kukutana njiani, kwaiyo kijana akioa bora awe mbali na baba yake. Sababu ya pili ni ukwangala, raha ya kukaa na wenzako wa umri wako, kula pamoja na kuzungumza, kwamba mtu hakomai akili bila hiyo.

Ilikufa kwasababu ya ardhi kubana, kahawa, kodi, na wanaume kwenda kutafuta kazi kwenye dhahabu ya Lupa huko Chunya na migodi ya Zambia na Afrika Kusini. Lakini angalia msiba Rungwe au Kyela, rika linavyojikusanya, nani anachimba kaburi, nani anakaa na nani, utaona haijafa yote.

Mbona mganda wanacheza wamevaa kama wanajeshi?

Mganda ni ngoma ya wanaume ya mwambao wa Ziwa Nyasa, Mbamba Bay, Liuli, Lituhi na hadi Umatengo, na ng'ambo Malawi wanayo pia. Kaptura au suruali safi, shati jeupe, soksi zimepandishwa, wengine wana fimbo au usinga mkononi, na wanakwenda kwa mistari, hatua zimenyooka, mwili hautikisiki ovyo, kuna kiongozi anatoa amri.

Ilikua baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Vijana walikuwa wamechukuliwa kuwa askari na wapagazi wa majeshi ya Wazungu, wakaona gwaride, wakasikia bendi, wakarudi nyumbani nalo. Ndugu yake ni ngoma ya beni ya pwani na mijini. Wapo wanaosema huku ni kumwiga Mzungu tu. Mi nakataa kabisa. Gwaride la jeshi lilitengenezwa ili mtu mmoja aamrishe mia kwenda kufa, hawa wakalichukua wakaliweka juu ya midundo yao wenyewe, wakagawana vyeo wao wenyewe, wakafanya vijiji vishindane kwa ustadi na sio kwa bunduki. Mtu aliyebeba mizigo ya jeshi mgongoni amerudi kwao akajipa ukapteni. Ukiuangalia mganda kwa jicho hilo hutauona tena kama maigizo.

Kina mama wana kioda, nayo ina mistari na sare, na nyimbo zake zinasema mambo ya kijiji waziwazi, mume mlevi atasikia jina lake humo.

Na ngoma nyingine?

Wanyakyusa wana ling'oma, ngoma kubwa kubwa zinapigwa kwa pamoja mpaka unazisikia kifuani. Wangoni wana lizombe, ya miguu na vishindo, na hapo ndipo timu ya Majimaji ya Songea ilipopata kuitwa Wanalizombe. Tukuyu kumekuwa na tamasha la ngoma za asili la Tulia linalokusanya vikundi kutoka kila kona, ukisikia linafanyika nenda, ila nenda na huko vijijini pia kwasababu jukwaani kikundi kinapewa dakika chache na kijijini ngoma inakesha.

Usisahau na tarumbeta za Moravian. Wamoravian walifika Rungwe 1891, mwaka ule ule wa Lugalo, na kupiga tarumbeta kanisani ni desturi yao toka Ulaya. Leo ni za kwetu, Mbeya harusi bila tarumbeta watu wanaona kuna kitu kimepungua.

Timu gani ya kusini imewahi kuchukua ubingwa wa ligi kuu?

Tukuyu Stars, Banyambala, 1986. Timu ngeni kwenye ligi kuu, kutoka mji mdogo wa mvua na migomba, ikawazidi Simba na Yanga wote. Wazee wa Tukuyu wakianza kuisimulia kaa chini usiage.

Mbeya City ndio mapenzi ya kizazi changu. Timu ya halmashauri ya jiji, ilianzishwa 2011, msimu wa 2013/14 ndio wa kwanza ligi kuu chini ya kocha Juma Mwambusi ikamaliza ya tatu, juu ya Simba. Azam walichukua ubingwa, Yanga wa pili. Ule uwanja wa Sokoine wa Mbeya ulivyokuwa unajaa, watu wamevaa zambarau wanasafiri na timu mikoani kwa mabasi, mimi sijaona tena. Baadae ikashuka daraja, na msimu wa 2025/26 ikarudi ligi kuu.

Lipuli ya Iringa, ina jina la ngome ya Mkwawa, ilifika fainali ya kombe la Shirikisho 2019 baada ya kuitoa Yanga hapo uwanja wa Samora, ikafungwa na Azam moja bila kule Ilulu, Lindi. Mwaka uliofuata ikashuka na ikapotea. Inauma kwasababu mkoa wenye uwanja na watu hauwezi kukosa timu hivi.

Na Ihefu, wa Mbarali, tarehe 29 Novemba 2022 waliifunga Yanga 2-1 pale Ubaruku, Yanga ikiwa haijafungwa mechi 49 za ligi. Mwaka 2024 timu ikahamishiwa Singida na jina likabadilishwa. Prisons ya Mbeya wao wapo tu, Wajelajela, wagumu kufungwa Sokoine.

Kuna vitabu vya kusoma?

Vipo. Kuna tamthilia ya Mukwava wa Uhehe ya Profesa Mulokozi, kwa Kiswahili, nzuri kuigizwa shuleni. Profesa Joseph Mbele, mzaliwa wa Umatengo aliyefundisha chuo cha St. Olaf huko Minnesota, Marekani, alikusanya hadithi za Wamatengo zikatoka kama kitabu 1999, kwa Kiingereza, za sungura, za mazimwi na nyingine. Kwa historia ya Wahehe kwa undani tafuta kazi za Alison Redmayne.

Ila nyingi bado ziko midomoni. Kwa kila Mbele mmoja kuna makabila kumi hayajapata wake, Wawanji, Wakinga, Wasafwa, Wandali.

Nataka kurekodi bibi yangu, nianzeje?

Muombe ruhusa kwanza, na mwambie utaipeleka wapi. Simu inatosha, weka hali ya ndegeni isije ikaita katikati, iweke karibu na mdomo wake mbali na redio na jiko. Mwache aongee kwa lugha yake, usimlazimishe Kiswahili, tafsiri utafanya baadae na yeye akiwa hai akusaidie. Usiulize "tuambie mila zetu", hilo swali ni kubwa hana pa kulishika. Uliza ngoma gani mlicheza siku ya harusi yako, nani alipiga, wimbo ulianzaje, na huyo mwimbaji alikuwa mtoto wa nani. Mwanzo wa kila rekodi sema tarehe, kijiji, jina lake na ukoo. Alafu weka nakala sehemu mbili na nyingine mpe mtoto wake anayekaa naye, simu zinaibiwa.